Naomba ushauri: sarafu ya Kirumi inatoa unga wa kijani

Wakuu, salaam. Nimenunua kisarafu cha shaba sokoni hapa London, kidogo kama kifungo cha shati. Upande mmoja Roma, mungu wa kike, kavaa kofia ya vita, na maandishi VRBS ROMA. Upande wa pili mbwa mwitu jike ananyonyesha mapacha Romulus na Remus, waasisi wa Roma katika hadithi, juu nyota mbili. Sarafu hizi ni za enzi ya Kaisari Constantine, kuanzia mwaka 330; chini pameandikwa TRP, yaani mji wa Trier ilikotengenezwa.

Sasa, karibu na sikio la mbwa mwitu panatoka unga wa kijani mpauko. Nautoa kwa kijiti cha meno, baada ya siku mbili umerudi! Ule ukijani mgumu siugusi, ndio uzuri wenyewe. Muuzaji alisema nisugue kwa ndimu na chumvi, roho ikakataa. Aliyewahi kuokoa sarafu ya namna hii alianzaje? Na nizitenge sarafu zangu nyingine, zisije zikapata unga huu?