Tupeane uzoefu: njia tulivu za baiskeli Italia, vilimani na pwani

Mnyonga Pedeli (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za Jumapili. Huu ni mwaka wangu wa saba hapa Ancona. Nahudumia wazee, zamu ya usiku. Baiskeli niliinunua ya mtumba iwe ya kwendea kazini, fremu ya chuma, gia zake unabadilisha kwa vile vijiti vilivyo kwenye fremu. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia akaiona dirishani. Akaniambia baiskeli kama hii kuipeleka kazini tu ni dhambi. Nikacheka, lakini Jumapili ile ile nikatoka.

Nikakosea njia. Nilidhani utulivu uko kwenye tambarare, nikafuata bonde la mto Esino kwenda Jesi. Jamani! Nilipigiwa honi mpaka nikasahau jina langu. Baadaye ndiyo nikauelewa mkoa huu wa Marche. Umekaa kama chanuo: mito inateremka kutoka milima ya Apennini kuingia Bahari ya Adriatiki, na kati ya mto na mto kuna mgongo wa vilima. Bondeni kuna viwanda, maduka makubwa na malori. Watu wa kale walijenga juu, kila kilima na mji wake wenye kuta, na vibarabara vya kuunganisha miji hiyo vinapita mgongoni juu kwa juu. Huko ndiko kuna kimya. Kule Osimo, Filottrano na Cingoli, asubuhi ya Jumapili unasikia cheni yako tu.

Ila kimya hicho unakilipia kwa mapaja. Vipande vya kupandia mjini wenyewe wanaviita *muri*, yaani kuta, na hawatii chumvi. Asilimia 15 ni kawaida. Cingoli iko mita 631, na ukifika juu unaiona bahari yote uliyoiacha nyuma. Wanauita mji huo roshani ya Marche.

Vilima hivi ndivyo waliteswa navyo wachezaji wa Giro d'Italia, zile mbio za baiskeli za kuzunguka Italia, tarehe 17 Mei 2022, hatua ya Pescara hadi Jesi. Nilitoka zamu bila kulala nikaenda Filottrano, mji wa marehemu Michele Scarponi, yule mwendesha baiskeli wa mbio aliyegongwa na gari akifanya mazoezi karibu na kwao mwaka 2017. Nikasimama penye mwinuko na bendera yangu. Siku hiyo Biniam Girmay wa Eritrea alimshinda Mathieu van der Poel pale Jesi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano yale makubwa ya wiki tatu. Kisha jukwaani akafungua chupa ya mvinyo, kizibo kikamruka jichoni, kesho yake hakuanza. Nilikuwa na furaha na hasira kwa pamoja, sijui niliilalamikia nini, labda chupa.

Nawasilisha. Na nyie leteni zenu, lakini njia mliyopita kwa miguu yenu, si ya kwenye ramani.

Fuso la Mchanga

Kiti nimekaa. Swali: Phoenix ya babu itapanda huko?

Mnyonga Pedeli

Itapanda mkuu, wewe ukiwa pembeni yake unaisukuma.

Kijana wa Maweni

Mimi Kiitaliano nilikijua kabla sijaiona Italia, si mnaijua Malindi yetu ilivyojaa Waitaliano. Sasa niko karibu na Siena, nafanya kazi jikoni, siku yangu ni Jumatatu. Hiyo peke yake ni siri ya njia tulivu: toka siku wenzako wako kazini.

Huku Toscana tuna *strade bianche*, barabara nyeupe za changarawe. Kuna tamasha la Gaiole in Chianti linaloitwa L'Eroica, lilianza 1997, watu wanakuja na baiskeli za mbio za kabla ya 1987. Shabaha mojawapo ilikuwa kuziokoa barabara hizi zisije zikafunikwa lami zote. Fuso, Phoenix ya babu umri inao, miguu ndiyo sijui. Njia yao ndefu ni kilomita 209, na vibao vyake viko barabarani mwaka mzima. Huhitaji kusubiri tamasha wala kulipa kiingilio. Mimi niliigawa siku tatu na sioni haya.

Sasa aibu yangu. Mara ya kwanza nilikwenda na tairi nyembamba za milimita 23, nimezijaza upepo hadi zimekuwa jiwe. Karibu na Monte Sante Marie, kule Asciano, nikapata pancha mbili kwa saa moja. Nikiwa na tyubu moja. Ya pili nikaiziba kwa kiraka, mikono imejaa vumbi jeupe kama mpika mandazi. Nikaondoka kwa hasira, mteremko ukaja, nikabana breki ya mbele kwenye changarawe. Nikalala. Kiwiko mpaka leo kina alama. Sasa natumia tairi za milimita 32, upepo wa wastani, na kwenye mteremko mweupe navunja mwendo kabla ya kona, nikishaingia konani breki nasahau kama ipo.

Asiyetaka vumbi apite barabara ya lami ya Lauretana, Siena hadi Asciano. Inapita juu ya vilima vya udongo wa mfinyanzi, havina miti, Aprili vyote kijani, Agosti vimekauka rangi ya ngozi ya simba. Kivuli hakuna kabisa. Nasema tena, hakuna.

Bint Forodhani

Assalaam alaykum. Wa kwangu mtaniona mvivu, maana njia yangu ni tambarare. Abruzzo, kusini ya Pescara, reli ya zamani ya pwani ilihamishwa, ilipopita wakatengeneza njia ya baiskeli, Ortona hadi Vasto, kilomita 42 hivi. Bahari iko pale pale mkononi. Kuna *trabocchi*, majukwaa ya mbao yamesimama majini kwa miguu myembamba, wavuvi wanashushia nyavu kutoka juu. Nilipoyaona mara ya kwanza nilisimama, nikampigia babangu simu ya video. Akaniuliza, hao ngalawa hawana?

Kaka Mnyonga, hapa kanuni yako inaanguka nusu. Jumamosi na Agosti yote njia hii ni Forodhani usiku wa Idi: watoto, mbwa, koni za aiskrimu. Ila Jumanne ya Oktoba nilikwenda masafa marefu sikukutana na mtu. Na kweli, nilipochoka na watu nilipanda mlimani. Fossacesia kuna abasia ya San Giovanni in Venere, imekaa juu inaitazama ghuba, kisha ukiendelea unafika Rocca San Giovanni. Mpando si mrefu. Wale wa aiskrimu hawapandi.

Kwa dada zangu: hijabu ya kitambaa chepesi chini ya kofia ngumu haina tabu, pini tu ndizo zinauma. Kurudi napanda treni ya mkoa yenye alama ya baiskeli.

Mwenda Tezi

Sardinia, kati ya Alghero na Bosa. Kilomita 45 hivi, upande mmoja mlima, upande mmoja bahari, na juu wanazunguka tai wala mizoga. Hilo la tai nililiona zuri sana asubuhi. Saa 7 mchana, maji yameisha, nikaanza kuwatazama kwa jicho jingine.

Njiani hakuna sheli, hakuna duka. Nilikuwa nimebeba chupa moja nikidhani ni kama Tanga, kila kona mama muuza maji. Walioniokoa ni wazee wawili waliopaki gari lao la kulala. Bibi alinipa maji, akanipa na pichi, akanigombeza kwa lugha nisiyoijua, na nikaelewa kila neno.

Jambo moja kwetu tuliozoea kushoto: Italia wanakwenda kulia. Ukitoka Alghero kushuka Bosa, bahari iko upande wako, macho hayazibwi na kitu. Ukigeuza safari unakwenda umekumbatia mwamba. Na siku ya kwanza kwenye mzunguko wa barabara nilikatia kushoto kama niko Chumbageni. Sitasimulia.

Fuso la Mchanga

Simulia bwana.

Mwenda Tezi

Hapana.

Mama Wawili

Nami niseme la pwani ya Amalfi: msiende kwa ajili ya kimya. Barabara nyembamba, mabasi ya watalii yanapishana kwa sentimita, wewe katikati kama chapati. Nilishuka nikasukuma kwa hiari yangu.

Bint Forodhani

Kaka Mnyonga, nataka kuja huko kwenu kupita ile barabara ya mlima Conero. Agosti nina likizo.

Mnyonga Pedeli

Dada, Agosti barabara ile ni ya wanaokwenda kuogelea Portonovo na Sirolo, magari yamepaki pande zote. Njoo Mei au mwisho wa Septemba. Conero ni fupi, mita 572 na barabara haifiki kileleni, lakini ndio mlima pekee uliojitosa baharini huku, kwingine pwani ni mchanga na reli. Ukitoka Sirolo tunakata ndani kwenda Loreto na Recanati, na hapo kuta zinaanza.

Beba kizibao cha kung'aa, sheria inakitaka kwenye mahandaki, na usiku nje ya mji. Beba na chakula, maana mchana maduka ya vijijini yanafungwa mpaka saa 10 jioni, na Mwitaliano hafungui eti kwa sababu una njaa. Maji tutajaza kwenye mabomba ya uwanjani, kila mji una lake.

Jumapili ya pili ya Mei, saa 1 asubuhi, nitakuwa mbele ya stesheni ya Ancona nimetoka zamu. Fremu ya kijani. Nikisinzia kwenye benchi niamshe.