Jina Aarav: ni amani au ni kelele? Naomba msaada kwa wanaojua majina ya Kihindu

mamaK_Ahmedabad

Habari zenu wapendwa. Mimi nilikuja India kusoma nikaolewa hukuhuku, mume wangu ni Mgujarati, Mhindu, na Mungu ametujalia mtoto wa kiume. Sasa kwa kina mume wangu jina la mtoto haliokotwi tu, pandit ameangalia saa aliyozaliwa na mwezi ulikuwa wapi akasema mtoto ni Mesh rashi, yaani nyota ile ya Aries, kwahiyo jina lianze na A, L au I, alafu mwenye haki ya kulitaja ni wifi yangu manake yeye ndo shangazi wa mtoto, wao wanamwita foi. Wifi amechagua Aarav na mimi nimelipenda tangu siku ya kwanza nililisikia, ni fupi na hata wazazi wangu wanalitamka bila shida.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Kila tovuti ya majina ninayofungua inasema Aarav ni amani, utulivu. Baba mkwe wangu alisoma Kisanskriti tangu shuleni, juzi tukiwa tunakula akasema taratibu tu kwamba hilo neno maana yake ni kelele. Hajalikataa, alisema ni vizuri tujue kabla hatujamwita mtoto. Mume wangu anasema haina shida siku hizi watu hawaangalii hayo, lakini mimi naangalia, naamini jina mtu anatembea nalo maisha yake yote na siku moja mtoto ataniuliza mama uliniitaje hivi, nataka niwe na jibu.

Nauliza basi, maana yake ya kweli ni ipi? Limetoka wapi, lipo kwenye maandiko yao kama Ram na Arjun au ni la juzijuzi? Na je limejaa sana, akianza shule atakuta wenzake wengi wenye jina hilohilo?

Mwanalugha_

Hongera sana dada, mtoto awe na afya njema na wewe upate nguvu.

Baba mkwe wako anajua anachosema. Kwenye Kisanskriti neno ni ārava, na linatoka kwenye mzizi ru ambao maana yake ni kulia, kunguruma, kupaza sauti. Rava ni sauti, ukiweka ā ndefu mbele unapata ārava, yaani mlio, mvumo, kishindo. Kuna Amarakosha, kamusi ya zamani sana ya Kisanskriti iliyotungwa kwa mashairi ili wanafunzi waikariri, kwenye beti zinazokusanya maneno ya sauti ārava imo pamoja na nāda, dhvani na nināda. Kamusi ya Monier-Williams ya mwaka 1899 ambayo wasomi wanaitumia mpaka leo nayo inasema hivyohivyo, kilio, mlio, kishindo. Amani haipo hapo. Na ile a ya mwisho imedondoka kwa sababu Kihindi na Kigujarati vinaikata, ndo maana Rama akawa Ram, Arjuna akawa Arjun, na Ārava akawa Aarav.

Mzizi huohuo ndo uko kwenye jina la Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka Sita mke wa Ram. Hadithi inasema alitaka kuunyanyua mlima Kailash, mungu Shiva akaukandamiza kwa kidole cha mguu mikono ya Ravana ikabanwa chini, akapiga ukelele dunia zote zikatetemeka, na kutokana na ukelele ule ndo akapewa jina. Sisemi hili kukutisha dada, Aarav na Ravana ni majina mawili tofauti kabisa, nakuonyesha tu mzizi una nguvu kiasi gani.

Sasa amani imetokea wapi. Kisanskriti kina kiambishi a, hii ni fupi, kinachokanusha. Shoka ni huzuni, Ashok ni asiye na huzuni. Bhaya ni woga, Abhay ni asiye na woga. Mara ni kufa, Amar ni asiyekufa. Ukifanya hivyo kwa rava unapata arava, kisicho na kelele, na hapo mtu anaweza kusema kimya, utulivu, amani. Sarufi inaruhusu kabisa. Ila hiyo ni Arav ya a fupi, inaandikwa अरव, na jina ambalo watu wanawapa watoto wao ni Aarav ya aa ndefu, आरव. Kwa herufi za Kiingereza tofauti inapotea kirahisi, mtu wa tovuti ya kwanza akaandika amani, wa pili akanakili, na wengine mia wakafuata.

Lakini dada naomba uniskilize vizuri hapa kwa sababu ndo jambo lenyewe. Usilipokee neno kelele kama vile tunavyomwambia mtoto acha kelele. Kwa Wahindu sauti ni kitu kitakatifu mno. Upanishad ya Mandukya, moja ya maandiko yao ya kale, yote, beti zake 12, inazungumzia silabi moja tu takatifu, Om. Mapokeo yanasema Shiva alipiga ngoma yake ndogo, damaru, mara 14, na kutokana na milio ile Panini, yule mwanasarufi wa kale, akapata zile sutra (kanuni fupi) 14 za sauti ambazo sarufi yake nzima imesimama juu yake. Sura ya kwanza ya Bhagavad Gita, kabla Krishna hajaanza kumfundisha Arjun, wanapuliza makombe ya baharini kama baragumu za vita na mvumo wake unapasua mioyo ya maadui. Na wazazi wanawapa watoto majina ya sauti kila siku, Pranav ni Om yenyewe, Ninad ni mvumo, Dhwani ni sauti na ni jina zuri la msichana. Aarav inakaa humohumo. Ningekuwa wewe mtoto akiniuliza ningemwambia wewe ni sauti, na asingekuwa na cha kuonea haya.

Zawadi_Pune

Mama K hongera mpenzi. Mwanalugha amemaliza upande wa maana, mimi niseme kuhusu wingi maana nafundisha chekechea huku Pune na naishi na haya majina kila asubuhi. Aarav wapo wengi, nisikufiche, ukiita Aarav kwenye uwanja wa shule zaidi ya mmoja anageuka.

Jina kwenye maandiko halina mtu. Neno ni la kale lakini ukisoma Ramayana na Mahabharata, zile tenzi kubwa mbili za Kihindu, utamkuta Arjun, Bharat, Lakshman, Nakul, hutamkuta shujaa anaitwa Aarav. Kama jina la mtu ni la juzi. Ukiangalia vizazi unaona wazi kabisa, babu wa watoto wangu wa darasani ni Ramesh, Suresh, Mahesh, baba zao ni Rahul, Amit, Rohit, Sanjay, na wao wenyewe ni Aarav, Vihaan, Vivaan, Reyansh, Ayaan. Mwaka 2002 mwigizaji Akshay Kumar na mkewe Twinkle Khanna walipata mtoto wa kiume wakamwita Aarav, na unajua India mtoto wa staa akipewa jina linavyosambaa. Sitasema ni wao tu waliosababisha, ila baada ya hapo ndo limepaa.

Kuhusu namba uwe makini. Serikali ya India haitoi orodha ya taifa ya majina ya watoto kila mwaka, kwahiyo ukiona mahali wameandika Aarav ni namba moja India ujue ni tovuti imehesabu watumiaji wake yenyewe. Marekani ndo wanatoa rasmi majina 1000 ya juu kwa kila mwaka, na humo Aarav limekuwemo miaka ya 2010, kutokana na familia za Kihindi zilizohamia kule. Hilo linakuonyesha sababu nyingine ya kupendwa, ni fupi, mgeni analitamka, na ukilisikia hujui mwenye nalo ni wa jimbo gani wala tabaka gani. Kwa India hilo la mwisho ni kubwa kuliko watu wanavyokiri, wazazi wengi vijana wanatafuta jina ambalo halimtangulii mtoto mlangoni.

Kwa mimi jina kuwa na wengi si kasoro, Rahul walikuwa wengi zaidi na wamekua vizuri tu. Ila kama unataka la peke yake, hili sio.

salim_wa_vitabu

Nachangia kidogo. Kama shida ni kwamba unataka amani na pandit ametoa A, kuna Aman. Ni jina la kawaida sana India, Wahindu wanalitumia na Waislamu wanalitumia, maana yake ni amani na limetoka mzizi uleule wa Kiarabu wa neno letu la Kiswahili, limefika kwao kupitia Kiurdu. Hapo huhitaji kamusi wala tovuti, wewe na wazazi wako mtalielewa siku hiyohiyo.

mamaK_Ahmedabad

Asanteni sana jamani, Mwanalugha nimesoma jibu lako nikamsomea na mume wangu kwa Kiingereza, kaka Salim umenigusa kweli na hilo Aman, sikuwahi kuwaza kabisa. Nitalitaja kwa wifi ila najua mama mkwe anataka la Kisanskriti, kwake hilo ni jambo la ibada na sitaki kumuumiza. Swali langu lililobaki, pandit alisema A, je Aarav yenye aa ndefu inahesabika kuwa A? Au ndo tunatakiwa tuchukue Arav ya a fupi? Na tuandikeje kwenye cheti, kuna haraka gani? Sherehe ya jina bado.

Neema_Bhabhi

Mwenzangu tulioolewa Gujarat, karibu sana, mimi nimepita njia hiyohiyo.

A ndefu na fupi kwa mambo ya rashi zinahesabiwa pamoja, usiwe na wasiwasi. Kama unataka uhakika zaidi muulize pandit mtoto ni nakshatra gani, yaani kundi la nyota ambalo mwezi ulikuwepo alipozaliwa. Mesh ina nakshatra mbili na kipande, Ashwini inatoa silabi Chu, Che, Cho, La, Bharani inatoa Li, Lu, Le, Lo, na robo ya kwanza ya Krittika ndo inatoa A. Kuna familia zinafuata silabi yenyewe kwa ukali na nyingine zinatosheka na herufi ya rashi, A, L, I kama ulivyoambiwa. Ukisikia Krittika basi A ndo yake hasa.

Kingine, vitabu vya kale vya taratibu za nyumbani, Grihyasutra, vinataka jina la mvulana liwe na silabi za kugawanyika kwa mbili na la msichana zisigawanyike. Aarav kwa Kigujarati ni Aa-rav, mbili, kwahiyo mama mkwe hata akiwa mtu wa vitabu atafurahi. (Kwa Kisanskriti ni tatu, ā-ra-va, lakini mtoto hataitwa kwa Kisanskriti.)

Kwenye sherehe wewe kaa tu uangalie, ni nzuri mno. Usiku wa siku ya sita, chhathi, wanaweka karatasi tupu na kalamu karibu na mtoto, wanaamini Vidhata, mwandishi wa majaaliwa, anakuja kumwandikia maisha yake, sisi tuliweka daftari jipya kabisa. Siku ya jina mtoto analazwa kwenye kitambaa, watoto wanne wanashika pembe wanambembeza huku wanaimba, na foi anataja jina. Mheshimu sana wifi yako siku hiyo, hata kama jina mmelijua nyote acha litoke mdomoni mwake kwanza. Mtaani kwako usilitangaze kabla.

Cheti sasa. Sheria ya India ya mwaka 1969 inataka kuzaliwa kusajiliwe ndani ya siku 21, lakini jina linaweza kuachwa wazi mkalijaza baadaye, ndani ya miezi 12 bila malipo, na hata baada ya hapo mpaka miaka 15 kwa kulipia faini kidogo. Kwahiyo sajilini kuzaliwa kwanza, fanyeni sherehe yenu kwa utulivu, ndo mpeleke jina. Na muandike AARAV, a mbili, kila mahali, cheti, Aadhaar (kitambulisho cha India), pasipoti, kliniki ya chanjo. Jirani yangu mtoto wake ana Arav kwenye cheti na Aarav kwenye pasipoti na wamezunguka ofisi mpaka wamechoka.

Mwanalugha_

Neema umesema la maana. Naongeza tu, kwenye fomu zenye sehemu ya Kigujarati msiwaachie karani ajaze mwenyewe, mwandikieni kwenye karatasi આરવ, hiyo herufi ya kwanza ina kimstari cha wima kulia kinachoonyesha aa ndefu. Karani akikisahau basi mtoto anakuwa Arav kweli, yule wa a fupi.

mamaK_Ahmedabad

Nimeongea na wifi kwa simu. Nimemwambia Aman, akalipenda akasema tuliweke la nyumbani, la kumbembelezea, na kwenye cheti libaki Aarav. Baba mkwe nilipomtajia Amarakosha amecheka kwa furaha akaenda kutafuta kitabu chake. Kesho mume wangu anaenda kusajili kuzaliwa, jina tutaacha wazi. Neema naomba unitumie pembeni ni karatasi gani za hospitali anatakiwa abebe.