Chumba kinanuka mayai viza, lakini mayai ni mazima. Je, ni betri?

MamaVifaranga
Hamjambo wenyewe. Naangua vifaranga hapa mtaa wa Utawala, Nairobi, mashine ya mayai 264. Stima ya huku ikipotea usiku hujui itarudi lini, kwa hiyo mwaka jana nikafungiwa sola: betri nne za maji, kila moja volti 12 na ampea 200, zimeunganishwa ziwe volti 24. Fundi akazipanga kwenye kabati la mbao mle mle chumba cha mashine, inveta juu ya kabati. Chumba nimekiziba hadi chini ya mlango kwa gunia, kwa sababu ya baridi ya Julai na panya.

Wiki ya pili sasa kinanuka mayai viza. Nikasema kuna yai limepasuka. Nikayamulika yote kwa tochi, niliyoyatilia shaka nikayatoa, 42. Nikavunja machache kwenye karai huko nje: mazima! Mishipa imetanda, moja moyo unadunda. Nilikaa chini nikalia. Na harufu bado ipo, inazidi mchana jua likijitokeza, usiku inapungua. Jana nimegusa betri. Tatu baridi, ya nne ukiiwekea kiganja unakitoa mbio. Na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. Nifanyeje?

Fundi_Mzee
Mama, kabla hujasoma zaidi: fungua mlango na madirisha, toka humo, na usiguse swichi yoyote ndani. Kama huwa unaingiza jiko la makaa stima ikipotea, lisiingie tena. Breka ya paneli ikiwa nje, izime. Usivute waya kwenye kichwa cha betri inayochajiwa, cheche moja inatosha.

Mayai umeyaonea. Betri ya maji ikikaribia kujaa, chaji inaanza kupasua maji yake, inatoa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina harufu kabisa, hiyo ndiyo hatari yake. Ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka. Unachonusa wewe ni gesi nyingine, ya salfa, inayotoka betri ikichemshwa kupita kiasi. Nayo ni sumu, na pua huizoea. Siku usipoinusa usidhani imeisha.

Nadhani betri ya nne ina chumba kimoja cha ndani (seli) kilichokufa; kila betri ina vyumba sita. Piga hesabu: kontrola (kile kifaa kinachosimamia chaji) inasukuma volti 28.8 ikigawia vyumba 12 vya betri mbili zilizofuatana, kila kimoja 2.4. Kimoja kikifa, 11 vinagawana zile zile, kila kimoja 2.6. Hapo zinachemka kama sufuria ya githeri.

Nimewahi kuona. Mwanafunzi wangu aliangusha spana juu ya betri iliyokuwa inachajiwa kwenye stoo iliyofungwa. Mlio kama bunduki, kifuniko kikagonga mabati. Macho yalipona kwa sababu alikuwa ameinama kando. Tulimmwagia maji mengi, lakini shati lile jioni lilikuwa limetoboka kama chujio.

Kijana_wa_Pipeline
Madam, weka lithiamu uachane na hizo shida. Ama funga feni ya choo ivute hewa nje.

Fundi_Mzee
Lithiamu ya fosfeti kweli haitoi haidrojeni kwa matumizi ya kawaida, lakini bei yake unaijua, na kontrola lazima ipangwe upya. Feni ya choo hapana. Unapitisha gesi kwenye mota yenye cheche! Ikibidi feni, iwe chini, isukume hewa safi kuingia. Mimi nisingeweka hata hiyo. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, yenyewe inapanda. Ipe njia tu, tundu chini upande mmoja, tundu juu kabisa upande wa pili. Ukiacha dari la kabati bila tundu, inajikusanya pale pale, na inveta yako iko juu yake.

Na hamisha kabati. Liweke veranda ya nyuma, kivulini, nyaya zipite dirishani. Inveta ikae kando. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, si huyo wa kwanza.

Mwalimu_Fizikia
Kuhusu ukubwa wa matundu: kwa kanuni wanayotumia Ulaya, betri zako nne zikiwa nzima na zinachajiwa kwa nguvu zinahitaji hewa kama mita 4.8 za ujazo kwa saa. Hiyo ni tundu la sentimita 134 za mraba chini na jingine kama hilo juu, yaani 12 kwa 12. Weka wavu wa chuma kuzuia panya, lakini ongeza upana kidogo, wavu unakula nafasi.

MamaVifaranga
Nimerudi, siku ya nne. Breka ilikuwa nje, asante Mungu. Fundi mpya alisubiri chumba kipate hewa, akatenganisha betri, akapima moja moja: tatu 12.6, ya nne 10.5. Ameitoa pamoja na mwenzake, nimebaki na mbili. Kabati liko veranda, limetobolewa, na mwenye nyumba amenyamaza kwa kuwa ukuta wake haujaguswa. Harufu hakuna. Mashine ina mayai 222, leo siku ya 18, nimeacha kuyageuza. Sasa hii betri mbovu naiuza wapi?

Fundi_Mzee
Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipima kwa kilo. Iende na asidi yake ndani, imesimama wima, vichwa vimefungwa kwa tepu. Akikwambia umwage kwanza mtaroni, mwambie apite, utafute mwingine.