Ukoo wa Kibokoni: imeili ya Ami

Ami Mbarak: Salaam aleikum nyote. Nina haja na nyinyi mnaojua mambo ya kompyuta. Imeili yangu ya kazi imejaa, haipokei tena. Mteja wa Kampala amenipigia, hati za kontena lake zimemrudia mara mbili. Meli iko Kilindini na siku za bure bandarini zinakwisha.

Shangazi Maimuna: Waaleikum salaam kaka. Si ufute za zamani?

Ami Mbarak: Humo mna hati za meli, stakabadhi za ushuru, ankara. KRA, watu wa kodi, wanataka rekodi za miaka 5. Nikifuta nitawaonyesha nini?

Khalid: Ami usifute barua. Hiyo ya bure ya Google ni GB 15, na inagawana nafasi hiyo na picha na mafaili ya simu yako. Hamishia video kwenye kompyuta, uzifute kwenye akaunti ya Google, halafu umwage na pipa lake la taka. Barua zitaanza kuingia leo leo.

Swabra: Shikamoo Ami. Fanya hilo la Khalid sasa hivi, mteja asisubiri. Lakini kwa kazi kama yako naomba tusiishie hapo. Ile domeni ya kampuni, yaani jina lenu la mtandaoni lililoandikwa kwenye ubao wa ofisi, iko kwa nani?

Ami Mbarak: Marahaba mwanangu. Iko kwa yule kijana aliyenitengenezea tovuti. Nampa pesa kila mwaka analipia. Imeili za huko niliziacha, wateja walikuwa wakizikuta kwenye taka.

Swabra: Basi hapo ndipo pa kuanzia, kabla hatujataja kampuni yoyote ya imeili. Ami, wewe unazijua nyumba bila ardhi za Majengo na Kisauni. Umejenga, umeezeka, kiwanja cha mwenyewe. Anwani iliyo juu ya domeni ya mtu ni hivyo hivyo. Domeni ikiwa kwa jina lako, kampuni ya imeili ikikuchosha unahama na anwani yako ileile, mteja wa Kampala hajui hata kama umehama. Ikiwa kwa jina la kijana, siku akisahau kulipa au akibadilisha simu, barua zako zote zimekwenda.

Ami Mbarak: Kijana si mbaya lakini.

Swabra: Simsemi ubaya Ami. Mtu anaweza kuugua, kusafiri, kuacha kazi. Majina yote ya .ke yako chini ya KeNIC, wasimamizi wa majina ya mtandao ya Kenya, na husajiliwa kupitia mawakala wao. Mwambie akupe namba ya siri ya kuhamishia, tuilete domeni kwenye akaunti yako, jina lako, simu yako. Ni haki yako, wewe ndiye unayelipa.

Hafidh: Mimi niko Dubai lakini nafuatilia. Kwa nini asichukue tu hosting ya hapo nyumbani, kampuni moja imwekee tovuti na imeili pamoja? Rahisi, unalipa kwa M-Pesa, mambo kwisha.

Swabra: Kaka Hafidh, kwa tovuti sina neno. Kwa imeili ndiyo naogopa. Hizo za bei ya chini huweka mamia ya wateja kwenye seva moja, yaani kompyuta moja kubwa ya mtandaoni, na wote wanatuma barua kwa anwani moja ya intaneti. Mmoja akituma matangazo ya kero kwa watu ovyo, seva nzima inaingia orodha nyeusi, na barua ya Ami inaangukia taka bila kosa lake. Nadhani ndiyo yaliyompata. Tena pengine rekodi za uthibitisho hazikuwekwa kwenye domeni. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: barua isiyothibitishwa kwa SPF au DKIM hawaiamini.

Shangazi Maimuna: Sasa hayo ndiyo nini?

Swabra: Shangazi, ni maandishi yanayowekwa kwenye domeni. SPF inataja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la Ami. DKIM ni sahihi inayopigwa kwenye kila barua. DMARC inamwambia anayepokea afanye nini akiletewa barua isiyopita ukaguzi huo: aitupe au aiweke kando.

Ami Mbarak: Hilo ngoja kwanza. Mwaka uliopita mtu aliwaandikia wateja wangu kwa jina la kampuni, akawapa akaunti nyingine ya benki. Mmoja alikuwa karibu alipe.

Swabra: Subhanallah. Basi DMARC ni lazima, na iwe ile kali ya kukataa kabisa. Itamzuia anayeghushi domeni yako yenyewe. Haitamzuia anayesajili jina linalofanana, amebadilisha herufi moja. Kwa hiyo waambie wateja kwa simu: akaunti ya benki haibadilishwi kwa imeili, kamwe.

Khalid: Tuje kwenye kampuni sasa. Mimi nilidhani Proton, wako Uswisi, wanajulikana kwa siri.

Swabra: Proton ni wazuri na nawaheshimu, wapo tangu 2014. Lakini Ami na karani wanasomea barua kwenye Outlook, programu ya kompyuta. Kwa Proton itabidi kila kompyuta iwekwe programu yao ya Bridge ya kuiunganisha na Outlook, na hiyo ni ya wanaolipia tu. Kubwa zaidi ni neno la siri. Akilisahau na hana njia ya kurejesha aliyoiweka mapema, anaweza kuingia tena lakini barua za zamani hazisomeki. Ofisi yenye rekodi za forodha haiwezi kukaa na hofu hiyo. Na barua ikienda kwa mteja mwenye anwani ya kawaida, ule ufungaji wa mwanzo hadi mwisho, wa barua kusomwa na mtumaji na mpokeaji tu, haupo, isipokuwa umeiwekea neno la siri. Tuta wa Ujerumani hawakubali Outlook kabisa. Posteo wa Berlin ni yuro 1 kwa mwezi, ila hawapokei domeni yako.

Hafidh: Wanaobaki?

Swabra: Kwangu ni wawili. Fastmail wa Melbourne, wapo tangu 1999 na kazi yao ni imeili. Seva zao kuu ziko Marekani. Na mailbox.org wa Berlin, sheria zao ni za Ulaya. Wote wanapokea domeni yako, wote wanatumia IMAP, njia ya kawaida ya programu kusoma barua, yaani Outlook inafanya kazi na siku ukitaka kuondoka unabeba barua zako zote. Hilo la kuondoka ndilo ninaloliangalia kwanza. Kwa Ami ningechukua Fastmail, kuhamisha barua kutoka Google ni kubonyeza tu, na kurasa zao zinaeleweka.

Ami Mbarak: Na waya wa baharini ukikatika kama ile Mei 2024? Barua zinapotea?

Swabra: Hapana Ami. Zitaingia kwa seva ya huko, utazisoma mtandao ukirudi. Hata seva yenyewe ikizimika, seva inayotuma hurudia rudia, kwa kawaida siku 4 au 5, kabla ya kuirudisha barua.

Khalid: Malipo nitamsaidia, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inatosha. Alipe mwaka mzima.

Swabra: Kabla ya kulipa nitawaandikia Fastmail swali la kweli, nione anajibu mtu au jibu la mashine. Halafu kinga ya hatua mbili, yaani neno la siri pamoja na namba ya muda, kwa programu ya simu, si kwa SMS. Wezi wa laini za simu tunawajua.

Ami Mbarak: Nimempigia kijana. Amekubali, namba atanipa kesho.

Swabra: Alhamdulillah. Mwambie akutumie na rekodi zote za domeni zilivyo sasa, tovuti isizimike. Na namba hiyo usiitume humu kikundini.

Ami Mbarak: Sawa. Na hii ya Google niifunge?

Swabra: Usiifunge. Tutaiwekea barua zake zielekezwe kwenye mpya, maana wateja wengine hawatabadilisha leo. Na uwe unaifungua mara moja moja. Google hufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika miaka 2.

Ami Mbarak: Lini utakuja?

Swabra: Jumamosi alasiri, ofisi ikifungwa. Tukibadilisha rekodi ya MX, ile inayoonyesha barua za domeni ziende seva gani, wakati huo, mpaka Jumatatu kila seva imeshaiona.

Ami Mbarak: Inshallah. Nitamwambia karani asiondoke, maana yeye ndiye atakayeitumia kutwa.