Paka wa ghorofani: maranda, mchanga wa baharini au ule wa dukani?

MamaBinzari (Chumbageni, Tanga)
Wakuu, habari za humu. Nina paka dume wa rangi ya binzari, na ndilo jina lake. Nilimwokota Deep Sea, pale wanaposhushia samaki, akiwa wa kutosha kiganjani. Sasa ni jitu. Tunaishi ghorofa ya tatu, ngazi tupu, na kumwachia azurure nje sitaki: bodaboda nyingi, tena watu hutega panya kwa sumu. Kwa hiyo choo chake kiko ndani, beseni kwenye kona ya baraza. Baba watoto kila akirudi kazini anavuta pua. Nieleweshweni, nitumie nini: maranda, mchanga wa ufukweni au ule wa dukani wa paka?

PwaniKwetu
Mchanga, dada. Paka akiuona tu anajua kazi yake, hafundishwi. Na ni bure.

NgaziZimenichosha
Bure mpaka uubebe! Ndoo ya lita 20 ya mchanga mkavu inapita kilo 30. Wa kwenda juu, na uliochafuka wa kushuka. Halafu huu wa baharini una chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Kipindi cha masika haukauki, unabaki kama uji na harufu iko palepale. Ukiutaka lazima uuoshe kwa maji yasiyo na chumvi, uuanike. Kwa maji yapi ya bomba huko juu?

Seremala_Nguvumali
Maranda hayana mpinzani kwa mtu wa ghorofani. Gunia zima unalipandisha kwa mkono mmoja, na mafundi wengi wanakupa burebure kwa sababu yanawajazia karakana. Yanakunywa mkojo vizuri, ndiyo maana wafuga kuku wanayagombania. Ila angalia mambo mawili. Omba ya randa, yale yaliyojikunja, usichukue unga wa msumeno. Ule unamwingia paka puani na kung'ang'ania miguuni. Pili, uliza yametoka mbao gani. Mbao za kenchi zilizotiwa dawa ya mchwa usiyaguse maranda yake, wala ya samani iliyopigwa vanishi.

Mzee_wa_Gati
Mimi wa dukani. Ni udongo wa bentonaiti: ukilowa unavimba na kugandana, unachota bonge la mkojo kwa kijiko, uliobaki unaendelea kutumika. Wa kawaida usiogandana ulianzia Marekani mwaka 1947, Edward Lowe alipompa jirani yake udongo wa kunyonya mafuta badala ya majivu aliyokuwa akimtandikia paka. Kwa hiyo msidhani wenzetu walizaliwa nao, nao walikuwa na majivu na mchanga kama sisi. Bei ndiyo inauma, na mifuko mingi inatoka Dar. Halafu usimwage chooni: unavimba ndani ya bomba, na jirani wa chini atakujua jina.

Bibi_Makorora
Mwanangu, mmesahau jambo. Paka mwenyewe si najisi, Mtume ametufundisha kuwa ni katika wanaotuzungukia majumbani, hata akinywa maji ya udhu hayaharibiki. Lakini mkojo na mavi yake ni najisi. Sasa hayo maranda yakishika miguuni, akapita juu ya mswala, utafanyaje? Mimi kwangu natandika zulia la makumbi mbele ya beseni, ajifute akitoka. Na beseni liwe mbali na unaposalia na unapopikia.

PwaniKwetu
Bibi shikamoo, hapo umetuzidi. Makumbi hata mie naiba.

Afisa_Mifugo_Mstaafu
Mnabishana kuhusu matandiko, mimi nauliza: huyo dume amehasiwa? Mkojo wa dume asiyehasiwa una harufu kali ya peke yake, na akianza kurusha ukutani hakuna mchanga wala maranda ya kukusaidia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na chanjo ya kichaa cha mbwa apate hapohapo, maana paka naye huugua.

Kuhusu usafi, mavi yaondoke kila siku. Vijidudu vya toksoplasma vikitoka kwa paka huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo ukiwahi umevipiku. Mjamzito asisafishe, amwachie mwingine. Beseni osha kwa sabuni na maji ya moto. Usimimine Jik juu ya mkojo, mchanganyiko ule unatoa hewa ya sumu. Na zile dawa za sakafuni zinazogeuka nyeupe zikiingia kwenye maji usizitumie kabisa. Ini la paka haliwezi kuzivunja, naye atajilamba miguu.

MamaBinzari
Shikamooni wazee wangu. Hajahasiwa, na ukuta wa baraza umeanza kupata ramani. Kumbe baba watoto analisingizia beseni!

Nimeamua hivi: maranda ya randa chini, vidole vitatu, juu nimwagie mchanga kidogo uliooshwa, wa kumpa hamu ya kuchimba. Kopo moja la mchanga nitalimudu ngazini. Zulia la makumbi nalinunua. Wa dukani nitaweka akiba ya siku za masika.

NgaziZimenichosha
Mchanga kidogo sawa, ila maranda yakilowa badilisha yote, usichambue.

Seremala_Nguvumali
Dada, njoo na gunia lako Jumamosi asubuhi kabla ya wafuga kuku. Na kama anakwangua makochi, chukua na kipande cha mbao tukizungushie kamba ya katani. Tanga hii, katani tunakosaje?

MamaBinzari
Makochi yameshakwisha, kaka. Anakwangua mlango. Jumamosi nipo.