Pengo la gego: nivute kwa waya, niweke la skrubu au daraja?

Mkwaju_mchungu: Wakuu habari za jioni. Nina pengo na nimechoka kutafunia upande mmoja. Dokta wa kwanza kasema tuvute meno kwa waya mpaka lifungike, wa pili akacheka akasema weka impulanti, yaani lile jino la skrubu, wa tatu anataka daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani. Hela ninayo ya kitu kimoja tu na nataka kuanza mwezi ujao. Kipi bora?

Shemeji2: Pengo lipi? Juu au chini? Una miaka mingapi? Lina muda gani? Unavuta sigara? Sukari je? Umekuja na pengo tu kama vile tunakuona.

pilau_ya_jana: Mwanya huo kaka, wenzio wanautafuta kwa tochi 😂

Shemeji2: Mwanya unazaliwa nao, pengo unaachiwa. Usichanganye mambo.

Mkwaju_mchungu: Samahani wakuu. Gego la chini kulia, lile kubwa la kwanza. Niling'oa nikiwa kidato cha pili, sasa nina 31. Sivuti, sukari sina.

nesi_wa_zamu: Mi si daktari, nipo chumba cha meno miaka kadhaa, chukua kama maneno ya nesi. Gego hilo huota kwenye miaka 6, wazazi wanadhani la utoto wanaliacha lioze, ndo maana mapengo mengi yapo hapohapo. Sasa lako ni la zamani, mfupa umeshasinyaa, la nyuma litakuwa limelalia pengoni na la juu limeanza kushuka. Kuvuta inawezekana ila pengo la gego zima ni kama milimita 10 na jino hutembea kama milimita 1 kwa mwezi, tena taya la chini ni gumu zaidi, na la nyuma likilala linasimamishwa kwanza, kwa hiyo weka miaka 2 au zaidi. Swali la maana hujaulizwa: gego la mwisho upande huo lipo? Kama lipo na limekaa vizuri, la pili linavutwa nafasi ya la kwanza, la mwisho linafuata, unabaki na meno yako mwenyewe. Kama halipo, ukivuta la pili, gego la mwisho kule juu linabaki linaning'inia halina wa kutafuna naye. Piga eksirei ya taya zima kabla ya kulipa mtu yeyote.

Ngosha_wa_chai: Daraja wakuu. Wiki 2 umemaliza. Langu mwaka wa 9 huu na mahindi ya kuchoma nagonga.

nesi_wa_zamu: Na meno 2 mazima yaliyosagwa kulishikilia hujayataja.

Ngosha_wa_chai: Yalikuwa yangu, sikuazima.

binti_pasiansi: Mi naomba niongee maana hii mada inanichoma. Nilikuwa na pengo kama lako ila kushoto, kliniki moja siitaji ikaniambia mwaka mmoja tu tumefunga. Nikafungwa waya na ile raba kama mnyororo, kila wiki 4 naenda inabadilishwa, siku 2 za kwanza ni uji tu. Mwezi wa 8 dada yangu ananiangalia picha za harusi ananiambia mbona mdomo wako umehama, naenda kwenye kioo kweli, meno ya mbele yote yameenda kushoto, katikati ya juu na chini havionani! Kumbe badala ya gego kuja mbele, ya mbele ndo yalikuwa yanarudi nyuma, dokta hakuweka hata kile kiskrubu kidogo kwenye mfupa cha kushikilia. Narudi kuuliza naambiwa dokta kahama mkoa. Wa pili akagoma kuendeleza kazi ya mtu, tukaanza upya, nimekaa na waya miaka 3 na miezi. Halafu ile plastiki ya kuvaa usiku ya kuzuia meno yasirudi, nikaenda msibani, nimeifunga kwenye tishu mezani ili nile, mtu kakusanya sahani kaitupa. Nikajisemea nitatengeneza nyingine mwezi ujao. Pengo limefunguka tena kama nusu.

pilau_ya_jana: Pole sana aisee. Pilau la msiba lina gharama.

Mkwaju_mchungu: Kwa hiyo waya niachane nazo?

binti_pasiansi: Sijasema hivyo. Binti wa kaka yangu alizaliwa hana yale meno 2 ya pembeni ya mbele juu, wamevuta chonge zikakaa hapo, wakazichonga na kuzijazia, huwezi jua. Ana miaka 14, skrubu wangemkatalia maana taya bado linakua, jino la skrubu halishuki na wenzake.

Loita_kaskazini: Sisi wa Arusha meno ya maji ya floraidi, vile vibati vya waya vinashika kweli? Vya rafiki yangu vilikuwa vinabanduka kila akila nyama.

nesi_wa_zamu: Vinashika ila kwa tabu, meno yakiwa na madoa sana gundi haikai vizuri. Mwambie dokta mapema.

mama_Tatu: Mnaongelea magego, mimi chonge za chini sina kabisa. Nilivyokuwa mchanga niliharisha wakasema ni meno ya nailoni, yale yanayodaiwa kuwaletea watoto maradhi, wakanichokoa fizi kwa spoku ya baiskeli, wakatoa vichipukizi vya meno. Nina 40 sasa, napenda waya ila naona aibu kuvaa na wajukuu wapo.

Shemeji2: 40 na wajukuu?

mama_Tatu: Tuongelee meno.

Ngosha_wa_chai: Daraja.

Mkwaju_mchungu: Nimechungulia kwa tochi ya simu, nyuma ya pengo nahesabu moja tu. Sijui ni la pili hilo au la mwisho. Eksirei Jumamosi. Halafu la juu lake limeanza kuuma, niliseme humuhumu au nifungue uzi mwingine?