Tupeane uzoefu: mafuta na siagi za asili kwa nywele kavu

MwanaPangani

Habari za jioni wapendwa. Nimeacha dawa ya kulainisha nywele huu mwaka wa tatu, nywele zangu ni za kipilipili haswa, na nimeona tuelezane ukweli: nani katumia nini, na kimemfanyia nini. Naanza mimi.

Mwaka wa kwanza niliteseka. Kila asubuhi nachota mafuta ya nazi, nasugulia kwenye nywele kavu, jioni ukizishika zinakwaruza kama makumbi. Nikiongeza mafuta zinang'aa juu tu, na chanuo kila likipita linatoka na vipande. Nikaamini nazi hainifai. Nilipokwenda kumsalimia bibi Pangani akanishika kichwa akauliza, "Maji umetia wapi, mwanangu?" Akanikalisha mkekani, akawa anachovya mkono kwenye bakuli la maji na kulowesha fungu mojamoja, halafu ndipo anapaka mafuta, kidogo sana, yale yanayobaki kiganjani baada ya kuyapangusa. Akanisuka mabutu manane nikalala nayo. Asubuhi nilipofumua, kidole kilipita mpaka kwenye ngozi bila kukwama.

Kumbe mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuyazuia maji uliyotia yasikimbie. Nazi ina sifa moja ya ziada, inapenya ndani ya unywele wenyewe, ndiyo maana wengine hupaka usiku kabla ya kuosha ili nywele zisichoke na sabuni.

Bibi mafuta anapika mwenyewe. Anakuna nazi kwa mbuzi, anakamua tui zito kwa kifumbu, analilaza usiku kucha. Alfajiri utando mzito umepanda juu na maji yamekaa chini. Anaengua utando peke yake, anauweka kwenye moto mdogo. Mwanzo unachemka kwa kelele. Maji yanapoisha kelele inatulia, mashapo yanageuka kahawia na mafuta yanabaki maangavu juu yake. Hapo haondoki jikoni hata ukimwita, maana moto ukizidi kidogo yanaungua, na harufu hiyo utatembea nayo wiki nzima.

Baridi_Minnesota

Dada, huku Minnesota, Marekani, nazi ilinishinda. Inaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo majira ya baridi nikiiacha karibu na dirisha nakuta jiwe kwenye kopo. Na hicho kipasha joto cha ndani kinakausha hewa mpaka midomo inapasuka, sembuse nywele. Nikahamia siagi ya shea, ile ya kokwa za mti wa shea. Kosa langu lilikuwa kuipaka nyingi: zikawa nzito, zina utando wa kijivu, na maji hayaingii tena nikizilowesha. Sasa nachukua kipande kama punje ya maharage kwa fungu, nakisugua viganjani mpaka kiwe mafuta kabisa, ndipo napaka kwenye nywele zenye unyevu. Nikizifunga kitambaa cha satini usiku zinafika siku ya nne bado laini.

Msuka_Lira

Shea jaribuni ya kaskazini mwa Uganda. Nimekaa Lira miaka minne nasuka. Wenyeji wanaiita moo yao. Ni laini kuliko ile ya Ghana na Burkina Faso kwa sababu asidi ya oleiki, ile sehemu ya mafuta inayoyafanya yawe laini, ni nyingi zaidi, ukiishika tu inaanza kuyeyuka. Akina mama wanaokota matunda chini ya miti, wanakausha kokwa, wanakaanga, wanasaga, wanachemsha. Ni kazi ya siku nyingi kwa kopo moja, msibishane nao bei. Mti wenyewe unajiotea, na unaweza kuchukua miaka 15 au zaidi ndipo uzae vizuri. Halafu unaukuta umekatwa kwa ajili ya mkaa. Inaniuma sana.

MamaWawili

Naomba wazazi wasome hili. Mwanangu wa miaka sita alitokewa na duara kichwani, nywele zimekatika, kuna magamba meupe. Nikadhani ni ukavu. Wiki tano nilimpaka nazi asubuhi na jioni, na kila mtu nyumbani ananisifu jinsi kichwa kinavyong'aa. Duara likawa matatu, na mdogo wake naye akaanza kujikuna. Kituo cha afya mganga alitazama mara moja tu akasema mapunye. Ni fangasi, wameingia mpaka kwenye shina la unywele, hayaponi kwa kupaka peke yake. Walipewa vidonge wanywe wiki kadhaa, na tukatenganisha machanuo na taulo. Nywele zimerudi zote, lakini zile wiki tano bado najilaumu. Hata mba wa kawaida, wa magamba yenye mafuta mafuta, ukiujazia mafuta kwenye ngozi unaweza kuuchochea. Pakeni nywele, ngozi iacheni ipumue.

Dredi_Tabora

Wakuu, wanaume nasi tumo. Mimi nilitumia mafuta ya nyonyo matupu kwenye dredi. Ni mazito kama asali, yalishika vumbi lote la barabara ya kijijini kwetu, na kuyaosha ilikuwa kazi ya nusu siku. Sasa kijiko kimoja cha nyonyo nachanganya na vitatu vya ufuta, napaka nchani tu. Kuwa yanaotesha nywele, kwangu sijaona. Zinakatika kidogo kuliko zamani, ndiyo maana zimerefuka. Na mnaokamua wenyewe, mbegu wekeni mbali na watoto. Zina sumu kali. Sumu hiyo haiingii kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu, kwa hiyo hata mashudu msiwape mifugo.

MwanaPangani

MamaWawili, pole sana, usijilaumu, ungejuaje. Nimemsomea bibi yote kwa simu. La mapunye amelikazia, amesema kweli mafuta hayatibu. Msuka_Lira, anauliza hiyo siagi ya huko inanukaje.

Msuka_Lira

Mwambie kama karanga zilizokaangwa kwenye jiko la kuni, zina moshi kidogo. Ikikosa harufu kabisa, ujue imesafishwa kiwandani.